Jinsi Nilivyoliacha Kundi la Majani Mabichi

Jumatatu, 3 Juni 1957

Leo nimeacha kundi. Saa nne asubuhi, mbele ya mlango wa zahanati, nikiwa nimevaa koti.

Nieleze vizuri, maana siku moja watu watataka kujua. Kundi letu linaitwa Majani Mabichi. Kila Jumamosi jioni, watu wakishapokea posho, tunawachekesha wafanyakazi wa estate ya chai pale ukumbini. Tuko wanne. Nyamwange, dresa wa zahanati, ndiye mkubwa wetu na ndiye anayetunga michezo. Bilhah, fundi cherehani kutoka Kapsoit, ndiye mke wa kila mtu. Ogari, mchochea moto wa boila kiwandani, mtu mpana kama mlango wa ghala, ndiye nyapara. Na mimi, Johana Kipkemoi, karani wa mizani, ndiye ninayechekesha.

Mchezo unaopendwa zaidi ni wa mchumaji mvivu. Nasimama mbele na kuwaeleza watu jinsi nisivyomwogopa nyapara. Ogari anatokea nyuma yangu na kusimama. Hasemi neno. Mimi naendelea. Watu wanacheka mpaka akina mama wanafuta macho kwa kanga. Yote hayo kwa maneno yangu. Ogari yupo tu, kama nguzo.

Sasa sababu. Juzi tulikuwa katika hoteli ya Mureithi, kaka yake Bilhah, tukamsikia Kipyegon kwenye redio. Kipyegon yule wetu. Alipokuwa kundini alikuwa miguu ya nyuma ya ng'ombe. Hakuna aliyewahi kuuona uso wake jukwaani. Akaacha kundi, akaenda Nakuru, na leo yumo ndani ya redio, na watu wanacheka humo mpaka sanduku linatetemeka. Alichosema sikukisikia, kwa sababu hoteli nzima ilikuwa inapiga kelele kwamba ni Kipyegon.

Nilirudi nyumbani nikifikiri. Kundi ni sufuria ya githeri. Punje moja ikiwa tamu, nani ataijua? Lazima itolewe. Mchekeshaji akitoka kundini anachekesha zaidi. Kipyegon ni ushahidi. Tena tarehe ishirini na mbili anakuja Bwana Johnson wa redio ya Nairobi, na mashine ya kunasa sauti, kutafuta watu wa kuchekesha. Akinikuta kundini atanihesabu pamoja na nguzo.

Nilitegemea Nyamwange angeniomba nisiondoke. Alinisikiliza huku anamfunga mtu bendeji. Akasema ni sawa, na suruali yenye viraka ya mchumaji niirudishe kabla ya Jumamosi, ni mali ya kundi. Kisha akamuuliza mgonjwa kama bendeji imembana.

Wivu huo.

Nimemweleza Chepkosgei, mke wangu, alipokuwa anasonga kimyet, ugali wetu. Aliuliza kama sasa nitakuwa nyumbani Jumamosi jioni. Nikasema hapana, sasa ndiyo nitakuwa na kazi nyingi zaidi. Akasema basi sawa, na akageuza kimyet.

Jumatano, 5 Juni

Ogari alikuja kwenye mizani. Haruhusiwi kuacha boila, lakini alikuja. Sikumwona. Nilikuwa nawaambia wachumaji kwamba mimi sasa ni mtu wa kujitegemea, na kabla sijafika mbali wote wakaanza kucheka, wakashika mbavu, mmoja akaangusha kikapu. Nikafurahi. Siku mbili tu nje ya kundi, na tayari.

Nikageuka nikamwona Ogari nyuma yangu. Uso wa huzuni, hakuna zaidi.

Aliniuliza kama amenikosea. Nikamwambia hapana, ni mambo ya sanaa. Akafikiri sana. Akauliza, sasa yeye atasimama nyuma ya nani? Nikamwambia nguzo haikosi nyumba. Aliondoka taratibu kwenye njia ya kiwandani, mabega yameanguka.

Nikaendelea na maneno yangu kwa wachumaji. Hakuna aliyecheka tena. Walikuwa wamechoka, majani ya leo yalikuwa na umande mwingi.

Jioni nimejifunza kucheza sehemu zote mbili peke yangu. Nasema maneno ya mchumaji, naruka nyuma, nakuwa nyapara, naruka mbele tena. Mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili nimemkanyaga kuku. Chepkosgei alitoka, akanitazama, akamwokota kuku na kurudi naye ndani. Mlango akaufunga.

Jumamosi, 8 Juni

Kapsoit, siku ya soko. Nilipanda juu ya benchi mbele ya hoteli ya Mureithi na kuanza kwa sauti kubwa. Watu wakakusanyika mara moja. Wengi. Nikaona hata wenye ng'ombe wamesimama.

Nikasema mambo yangu yote kuhusu nyapara. Kimya. Nikaruka nyuma, nikawa nyapara. Kimya, ila mtu mmoja alimuuliza mwenzake kama huo ndio ugonjwa wenyewe, kabla ya kunywa.

Hapo nikaelewa. Walidhani nauza dawa.

Nilijaribu kueleza kwamba sina dawa. Wakasogea karibu zaidi, kwa sababu muuza dawa anayesema hana dawa ni lazima anayo nzuri. Mama mmoja mzee alinishika mguu wa suruali na kuniomba ya magoti, hata kidogo tu, ametoka mbali. Nikamwambia mimi ni mchekeshaji. Akasema hajali kazi yangu nyingine. Mwishowe Mureithi mwenyewe alinishusha, kwa sababu foleni ilikuwa imeziba mlango wake na wateja wa chai hawawezi kuingia.

Bilhah alikuwa barazani na cherehani yake, ameona yote. Nikamuuliza maoni yake kama msanii. Akakata uzi kwa meno. Alisema nimeruka vizuri. Nikauliza, na maneno? Akasema kwa kweli yale maneno hajawahi kuyasikiliza, kwa miaka yote. Alikuwa akimtazama Ogari.

Bilhah ni mshonaji mzuri sana. Kila mtu ana kipawa chake.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefikiri na nimepata kosa. Kosa ni la watazamaji. Kicheko ni kama moto wa majani mabichi, hauwaki bila kuni kavu chini yake. Mtu mmoja akianza, wote wanafuata. Kwa hiyo ninahitaji watu wa kuanza.

Jumapili ijayo kuna sikukuu ya mavuno katika kanisa moja huko Kiptere. Watu hutoa mahindi na kuku, vinanadiwa, na katikati mtu huombwa aseme neno la kuwachangamsha. Nimejitolea. Mzee wa kanisa amekubali. Anakumbuka alivyocheka ukumbini Krismasi.

Kisha nimezungumza na wachumaji wachache wa huko wanaoleta majani kwenye mizani yangu. Siwezi kuwapa chochote. Lakini nimewaeleza kwamba mizani ni kitu chenye moyo, na moyo unaweza kumhurumia mtu anayecheka. Wakaelewa upesi. Mkuu wao ni Nyamoita. Nimemchagua kwa sababu kicheko chake husikika kilima cha pili, na ng'ombe huinua vichwa. Ishara ni hii: nikishika sikio, wacheke.

Chepkosgei aliuliza kwa nini nisiwape kitu cha kuwachekesha badala ya sikio. Mwanamke wa kawaida hawezi kuelewa maandalizi.

Jumapili, 16 Juni

Kiptere. Naandika kwa ufupi, mkono unauma, na sikio.

Watu wangu walifika mapema na kukaa benchi la tatu, wamejipanga vizuri, macho mbele. Nilijivuna. Jambo moja sikulijua. Mchungaji wa kanisa lile ana sikio zito. Akitaka kusikia jambo hulikunja kwa mkono.

Alisimama kutoa habari za wagonjwa. Akasema ndugu yetu mmoja mzee ameanguka kutoka juu ya ghala la mahindi na amevunjika nyonga, tumkumbuke. Mtu fulani nyuma akauliza ni yupi. Mchungaji hakusikia. Akashika sikio.

Nyamoita akaanza.

Sijawahi kusikia kazi nzuri kiasi kile. Benchi zima la tatu lilianguka. Mmoja alipiga magoti yake kwa mikono yote miwili kama nilivyomfundisha. Mchungaji akashangaa, akalishika sikio tena ili asikie kinachochekesha, nao wakaongeza. Familia ya yule mzee ilikuwa benchi la pili, na mke wake aligeuka nyuma polepole.

Wazee wa kanisa waliwatoa nje mmoja mmoja. Nyamoita alitolewa wa mwisho, na alikuwa bado anacheka, kwa sababu mchungaji alikuwa bado ameshika sikio.

Kisha nikaitwa mimi niseme neno la kuwachangamsha.

Nilisema yote. Nilishika sikio kwenye kila sentensi, nikitumaini amebaki hata mmoja. Nilishika mpaka likawa jekundu. Mama mmoja benchi la mbele alinyanyuka kwa upole na kunipa mafuta ya kupaka.

Jumanne, 18 Juni

Habari mbaya.

Jana Nyamoita na wenzake walileta majani. Waliniambia wamecheka na wamefukuzwa kanisani kwa ajili yangu, kwa hiyo moyo wa mizani uonekane. Nami ni mtu wa neno langu. Mizani ikawahurumia. Ikawahurumia sana.

Shida ni kwamba majani yakitoka kwangu yanapimwa tena kiwandani, na mizani ya kiwandani haina moyo. Leo asubuhi nyapara mkuu, nyapara wa kweli, alikuja na uso wake. Nikamweleza kwamba majani hukauka njiani. Akauliza kama yalikauka ndani ya mvua. Kwa kweli jana ilinyesha njia nzima.

Nimeondolewa kwenye mizani. Nimeambiwa nishukuru sikufukuzwa, ni kwa sababu ya miaka yangu ya kazi. Kuanzia kesho nabeba kuni. Kwenye boila. Chini ya Ogari.

Jioni nilimwambia Chepkosgei. Nilimwambia kwa maneno ya kuchekesha kidogo, ili jambo liwe jepesi. Hakucheka. Yeye ni mchumaji vilevile, kila siku alikuwa anapanga foleni kwangu kama wengine, na sikuwahi kumwongezea hata jani moja, kwa sababu yeye mwenyewe alinikataza.

Alisema, "Baba Chepchumba, mimi leo nimepita katikati ya wanawake wote na kikapu changu, na wamenyamaza. Ulitaka watu wacheke. Haya, sasa wananyamaza nikipita."

Kisha akaenda kukamua ng'ombe. Chepchumba, mtoto wetu, alinitazama kutoka kitandani kama mtu anayesubiri mchezo uanze. Nilimfanyia uso wa nyapara. Akalia.

Jumatano, 19 Juni

Boila. Joto la kule si la dunia hii. Ogari alinionyesha jinsi ya kupanga kuni, nene chini, nyembamba juu, bila kuniangalia. Asubuhi nzima hakuna neno. Nilijaribu kusema maneno ya mchumaji mvivu, angalau kuvunja kimya. Nilikuwa kweli mchumaji mvivu kwa saa ile, maana mgongo ulikuwa umekataa. Ogari akatupa kuni ndani na kufunga mlango wa moto.

Saa ya chakula nikagundua sikubeba kitu. Ogari alifungua chakula chake, ugali wa wimbi na mboga, akaukata ugali katikati, akasogeza nusu upande wangu. Tukala. Ndipo akasema. Naandika kama alivyosema, kwa sababu Ogari haongei mara nyingi.

"Johana, mimi sijui maneno. Wewe unasema, mimi nasikia, uso unafanya wenyewe. Sijui unafanya nini. Sasa Nyamwange ameniwekea mtu mwingine mbele. Anasema maneno yale yale. Nasikia, lakini uso haufanyi."

Nikamuuliza mtu huyo ni nani.

Akasema ni Kipyegon. Amerudi Jumatatu kutoka Nakuru.

Kipyegon amerudi, mtu wa redio, na anavaa suruali yenye viraka niliyoirudisha kwa mkono wangu mwenyewe. Halafu nikaelewa. Amejua Bwana Johnson anakuja. Lazima nimpate, anipe siri yake kabla ya Jumamosi.

Mchana Ogari alizibeba kuni zangu nzito pamoja na zake, na alipopita nyuma yangu wale vijana wa mikokoteni walicheka. Sijui walikuwa wanacheka nini.

Alhamisi, 20 Juni

Nimempata Kipyegon. Nilimnunulia chai na mandazi kwa Mureithi, nikakaa karibu, nikamwambia aseme yote, sisi ni ndugu wa sanaa.

Amekonda. Alikula mandazi yake na yangu. Kisha alisema kwamba ile redio ilikuwa siku moja tu. Kulikuwa na kundi la watu sita huko Nakuru, walitaka mtu wa kulia kama ng'ombe, naye ana uzoefu. Akalia. Watu waliocheka walikuwa wanamcheka mwenye ng'ombe. Baada ya hapo alijaribu kusimama peke yake kwenye kilabu kimoja cha pombe. Watu waligeuza viti.

Nikamwambia hakuna haja ya kunificha, sitamwibia.

Alishusha kikombe. Akasema, "Johana, nimekaa huko muda mrefu nikijiuliza kwa nini sichekeshi. Mimi peke yangu ni miguu ya nyuma bila ng'ombe. Nimerudi kumwomba Nyamwange anipe hata mkia. Akanipa nafasi yako. Rudi uichukue, nakuomba. Ogari akisimama nyuma yangu nasikia baridi."

Bilhah alikuwa anashona karibu. Aliacha kukanyaga cherehani. Aliniangalia kama mtu anayesubiri jipu lipasuke.

Nikafikiri sana juu ya maneno ya Kipyegon. Njiani nikapata maana yake. Hajui siri yake mwenyewe! Alichekesha alipotoka kundini. Kosa lake ni kwamba aliingia kundi lingine. Mimi sitafanya kosa hilo.

Jumamosi nitakwenda ukumbini, lakini kama mtazamaji. Nitakaa mbele. Kipyegon akiharibu, na ataharibu, Bwana Johnson ataona pengo lenye umbo langu.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika mara tu nilipofika nyumbani, chakula bado hakijaiva.

Ukumbi ulijaa. Watu wa laini zote za nyumba za wafanyakazi, wengine madirishani. Bwana Johnson ni mtu mwembamba mwenye tai, na mashine yake ina magurudumu mawili yanayozunguka. Aliiweka mezani karibu na jukwaa. Nilikaa benchi la mbele, karibu na mashine, nimevaa koti. Chepkosgei alikuja pia. Alikaa nyuma kabisa, mbali na wanawake wenzake.

Bilhah na Nyamwange walianza na mchezo wa mgonjwa anayeogopa sindano. Watu walicheka vizuri. Kisha mchumaji mvivu.

Kipyegon akatoka na suruali yangu. Akasema simwogopi nyapara mimi. Ogari akatokea nyuma yake.

Niseme ukweli hapa. Miaka yote nimecheza mchezo ule nikiwa nimempa Ogari mgongo. Leo kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa watu. Ogari alisimama. Alimtazama Kipyegon kisogoni. Akangoja. Uso ulijaribu, niliona nyusi moja ikianza kupanda kama mtu mzee anayepanda kilima, kisha ikachoka, ikarudi. Kipyegon aliona ile mashine inazunguka, akasahau maneno. Yote. Akasimama na mdomo wazi. Magurudumu yanazunguka, yananasa kimya cha watu mia.

Nilikuwa nimengoja jambo hilo tangu Alhamisi. Sikulifurahia. Nilimwona Nyamwange pembeni ameshika kichwa. Nikamwona Ogari, mtu mkubwa vile, hajui aweke wapi mikono.

Sijui nini kilinishika. Nikasema kwa sauti kutoka kwenye benchi: "Sema kikapu changu ni kizito!"

Kipyegon hakusema. Ogari ndiye aliyenigeukia. Akashusha macho kutoka jukwaani mpaka kwangu, polepole sana. Ile nyusi ikapanda. Ikapanda mpaka mwisho, na nyingine ikaifuata, na mashavu yakajaa kama mtu aliyemeza chura na anafikiria kama amsamehe. Akauliza, "Na wewe wa benchi, chako kiko wapi?"

Kikapu chenyewe nilikuwa sina. Nikamwambia mimi siko kazini, nimeacha.

Akasema, "Hata ulipokuwa kazini ulikuwa umeacha."

Ukumbi ukapasuka. Nikasimama nikamgeukia kila mtu, nikampa Ogari mgongo, nikaanza kuwaeleza kwamba mimi simwogopi mtu yeyote hapa, kwamba nimetoka kundini kwa hiari yangu, kwamba hata mizani niliiacha kwa hiari. Kila nilichosema kilikuwa kikali kuliko kilichotangulia. Sikusikia jukwaa likilia wakati Ogari anashuka. Niliona tu watu wanaanguka. Nyamoita alikuwa anacheka na hakuna aliyeshika sikio. Nyapara mkuu wa kweli alitoa miwani na kuifuta. Nikaendelea. Kisha nikahisi pumzi ya moto kisogoni, na mkono mkubwa ukaweka kikapu kitupu kichwani mwangu, taratibu, kama mtu anayefunika chungu.

Ndani ya kikapu nilisikia kicheko kimoja kutoka nyuma kabisa. Nakijua kile. Sikuwa nimekisikia tangu Jumanne ile, na kabla ya hapo si mara nyingi. Nilipotoa kikapu nilimwona Chepkosgei katikati ya wanawake, sijui alifikaje pale, na mmoja amemshika bega ili asianguke.

Baada ya mchezo Bwana Johnson alisema amepata alichokifuata. Aliuliza nani alitunga sehemu ya mwisho. Nyamwange akasema hakuna. Bwana Johnson akasema anataka mtu wa benchi na yule mnene waje Nairobi, wote wawili, kama tulivyokuwa. Kipyegon alinikumbatia, akasema asante, akavua suruali palepale na kunipa, ikabidi Bilhah ageuke.

Nyamwange hakunipongeza. Alisema mazoezi ni Jumatano na nisichelewe.

Ogari aliniuliza uso wake ulifanya nini. Nilimwambia ulifanya vizuri. Akashukuru sana. Tulitembea pamoja mpaka njia panda ya laini.

Nina jambo zito moyoni. Nitalifikiria kesho nikiwa nimepumzika.

Jumapili, 23 Juni

Nimelifikiria baada ya kanisa, na sasa ninaliona wazi kama chai isiyo na maziwa.

Nilisema kweli!

Tuangalie ushahidi. Nilipokuwa kundini, nikiwa juu ya jukwaa, watu walicheka. Jana nilikuwa nje ya kundi, chini ya jukwaa, kwenye benchi, na walicheka mara mbili zaidi. Bilhah mwenyewe alikiri hajawahi kucheka vile. Sasa tofauti ni nini? Nilitoka. Hakuna tofauti nyingine yoyote.

Niliyaeleza haya kwa Nyamwange mlangoni mwa kanisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama kwenye hesabu yangu nimemweka Ogari. Nikamwambia Ogari alikuwepo mara zote mbili, kwa hiyo hesabu humtoa. Akamwita mgonjwa mmoja aliyekuwa anapita na kumuuliza habari za kidonda.

Kipyegon naye nilimweleza. Akasema atabaki miguu ya nyuma, anashukuru.

Nairobi tutakwenda, sawa, nimekubali kwa heshima ya Bwana Johnson. Lakini sanaa haiwezi kusimama mahali pamoja. Ikiwa kutoka jukwaani mpaka kwenye benchi kumeniongezea kiasi kile, basi benchi nalo ni la kuachwa. Kwa hiyo Jumamosi ijayo sitakuwa ndani ya ukumbi kabisa. Nitasimama nje, upande wa dirisha.

Nilimweleza Ogari mpango wote. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza dirisha lipi, ili ajue asimame wapi.

Chepkosgei alikuwa anasikiliza huku anatikisa maziwa ya mursik kwenye kibuyu. Akauliza kama nimefikiria mvua, maana mwezi huu haikosi jioni. Nikamwambia mchekeshaji hafikirii mvua. Akaingia ndani, akarudi na gunia tupu la majani, akanipima mabegani kama litatosha. Bega lake lilikuwa linatetemeka kidogo. Nadhani ni baridi.

Limetosha. Limebaki jambo moja tu, na nimemwomba Ogari sana asilisahau: aongee kwa sauti kubwa, kwa sababu mvua ikianza kupiga mabati sitamsikia, na nisipomsikia sitajua pa kuanzia.